Boda: Safari ya Neno Moja, Kutoka Ubao wa Kaskazini Hadi Keria ya Busia



Naanza na sentensi tatu. Boda imefungwa. Boda imepata pancha. Boda amekataa kunirudishia chenji. Hakuna hata mmoja humu aliyehitaji kufafanuliwa. Ya kwanza inahusu lango la nchi, ya pili chombo cha kusafiria, ya tatu mtu. Neno ni lilelile. Sarufi imewasaidia kidogo, maana "imefungwa" na "imepata" zina kiambishi kimoja. Kilichomalizia kazi ni ujuzi wenu wa mahali hapa, Busia ya mpakani.

Mada yangu ni neno hilo. Nitalifuata hadi lilikotoka, Ulaya ya kaskazini, ambako lilikuwa jina la kipande cha mti. Nitapita nalo Skandinavia na Italia, ambako ndugu zake wanaishi kwa maana zisizofanana. Kisha nitarudi nalo nyumbani. Hoja yangu ni moja: asili ya neno hutuonyesha njia lililopita, lakini haina mamlaka ya kutuamuru lina maana gani. Maana hutolewa na wenye kulitumia. "Boda" ni ushahidi wa wazi wa jambo hili, kwa kuwa lilifika hapa likiwa jina la kitu cha kuzuia watu, na watu wa hapa wakaligeuza kuwa jina la kitu cha kuwavusha.

Mstari na baiskeli

Tuanze na ardhi, kwa sababu neno hili lina kwao. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya jirani, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kabla ya hapo Uganda ya kwenye ramani ilifika Bonde la Ufa, sehemu za Naivasha. Baada ya uhamisho huo mstari ukasogezwa huku kwetu. Mahali pengine ulifuata Mto Sio, pengine Mto Malaba, na pengine ulipita tu katikati ya watu. Wasamia wakajikuta wako pande mbili. Wateso vilevile. Busia ikawa miji miwili yenye jina moja, na Malaba ikafuata mkondo huohuo. Hata Wilaya ya Busia ya upande wa Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo mpaka ilipotengwa mwaka 1997, kwa hiyo kuzitaja Busia na Tororo pamoja ni kurudisha pamoja kilichokuwa pamoja.

Kwa miongo mingi mstari ule haukuuma sana. Kenya na Uganda zilikuwa na ushuru wa forodha wa pamoja tangu 1917. Reli iliyotoka Mombasa ilipita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na abiria wake walivuka mpaka kama mtu anayevuka kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Mpaka ulianza kuota meno baada ya uhuru, nchi hizi zilipoanza kujitenga kwa sera na kwa sarafu. Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, na maduka mengi ya Uganda yakabaki bila bidhaa. Februari 1976 alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ardhi ya Uganda, akiutaja ule mkato wa zamani, na uhusiano ukazidi kuwa mbaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika.

Hali kama hiyo hufanya mpaka kuwa soko. Sukari, chumvi na sabuni zikawa bidhaa za kutafutwa upande mmoja, huku kahawa ikitafuta bei upande wa pili, hasa baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia kupanda. Neno la zama zile, magendo, halikuhitaji mkalimani ng'ambo yoyote. Watu na mizigo walivuka mchana kwa njia ya serikali, na usiku kwa njia za panya.

Hapa ndipo baiskeli inapoingia. Pale Busia malango ya nchi mbili yalikuwa mbalimbali, zaidi ya nusu maili. Basi au teksi iliyotaka kuvuka ilidaiwa hati na karatasi nyingi, kwa hiyo ilimshusha abiria upande mmoja, naye akabaki na mfuko wake, jua lake na mwendo wa miguu katika ardhi isiyo ya nchi yoyote. Vijana wenye baiskeli, katika miaka ya 1960 na 1970, wakaona kazi. Wakatia mto wa sponji juu ya keria, wakakaa karibu na lango, na kila basi liliposimama wakaita: boda! boda! Maana yake ilikuwa nitakutoa boda hii nikufikishe boda ile. Baiskeli haikudaiwa karatasi za gari. Mtindo ukaenea haraka hadi Malaba, na kutoka Malaba ukafuata barabara.

Hawakuwa vijana wa baiskeli peke yao waliovumbua njia ya kuishi kwa mpaka. Watu wenye ulemavu wa miguu, kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, walijijengea pale Busia biashara ya kuvusha bidhaa, na watafiti wa masuala ya kijamii wameiandika habari yao. Nawataja kwa sababu wanatia nguvu hoja yangu: katika mji huu mpaka ulikuwa kikwazo kwenye karatasi na ajira kwenye barabara, na lugha ya mji ilifuata barabara.

Sikio la Busia

Sasa tulisikilize neno lenyewe. Kiingereza huliandika "border", kwa "r" mbili. Waingereza waliotutawala hawakuzitamka "r" hizo. Kinywani mwao palikuwa na "bo" ndefu na "da" hafifu. Sikio la Mbantu, ambalo hupenda kila silabi iishie kwa irabu, halikuwa na la kurekebisha. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotupa dereva, spea na soka, ambayo yote kwa Kiingereza huandikwa yakimalizika kwa "r" au "re" isiyosikika. Kwa hiyo anayedhani kwamba "boda" ni "border" iliyovunjwa na asiyesoma, amekosea. Ni "border" iliyosikiwa sawasawa na kuandikwa kwa kanuni zetu.

Kurudufu ndiko kulikokamilisha uenyeji wake. Kwa Kiingereza wanasema kutoka mpaka hadi mpaka kwa kutia kiunganishi katikati. Mwita abiria hana muda wa viunganishi, na lugha zetu hazimlazimishi kuwa nao. Tunasema mojamoja, mbalimbali, polepole. Pikipiki nayo ilikwisha kutufundisha kwamba chombo cha magurudumu mawili kinaweza kuitwa kwa neno linalojirudia. "Bodaboda" likapata mahali pa kukaa hata kabla ya mwalimu yeyote kulipokea. Halafu, kama ilivyo kawaida ya jina linalotamkwa mara nyingi kwa siku, nusu ikatupwa. Leo mjini husikii mtu akimaliza silabi zote nne. Anasema boda, na maana imekwisha fika.

Ubao wa kaskazini

Hebu tuvuke bahari. Katika lugha za kale za Kijerumaniki, yaani ule ukoo uliozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, "bord" lilikuwa ubao. Wanaisimu wengi hulihusisha na mzizi wa kale zaidi wenye maana ya kukata, kwa kuwa ubao ni mti uliokatwa. Karibu yake palikuwa na neno lililofanana nalo mno, lenye maana ya ukingo na ubavu wa chombo cha majini. Kamusi za asili ya maneno hubishana kama yalikuwa maneno mawili au moja lenye matawi. Ubishi huo hautuzuii, maana yamechanganyika tangu zamani, na fundi yeyote wa majahazi wa Lamu angeeleza sababu: ubavu wa chombo ni mbao, na ubao wa juu kabisa ndio ukingo.

Hapa pana sadfa ya kupendeza kwa wasikilizaji wa Uganda. Kwa Kiganda mpaka ni "ensalo", na kitenzi chake ni "okusala", kukata. Waganda na Wajerumaniki wa kale hawakukutana popote kuazimana wazo hilo. Kila mmoja alitazama ardhi au mti kwa macho yake, akaona mkato. Tuikumbuke sadfa hii, kwa kuwa inatuonya kwamba mawazo yanaweza kufanana bila maneno kuwa na undugu.

Wana wa "bord" walitawanyika. Skandinavia walibaki na ubao, lakini wakauweka juu ya miguu wakala chakula juu yake. Katika Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe, "bord" ni meza. Ile karamu ya Kiswidi inayojulikana duniani kote, "smörgåsbord", kwa maneno yake ni meza ya mikate iliyopakwa siagi. Hata hivyo ubavu wa chombo nao haukusahauliwa: Mswidi aliye melini yuko "ombord". Upande wa kulia wa meli ni "styrbord", upande wa usukani, kwa kuwa mabaharia wa zamani walilifunga kasia la kuongozea upande huo.

Kiitaliano ni mtoto wa Kilatini, si wa ukoo huu, lakini kina "bordo". Kililipataje? Wafaranki, watu wa Kijerumaniki walioitawala nchi ambayo leo ni Ufaransa, waliliacha neno lao ndani ya Kifaransa, na Kiitaliano kikalichukua kwa jirani. Huko "bordo" si meza kabisa. Ni ukingo: ukingo wa barabara, ukingo wa kitambaa, ukingo wa bwawa. Na aliye melini au ndegeni yuko "a bordo". Mswidi na Mwitaliano wakipanda meli moja, neno lao la kusema wako chomboni ni la mzizi mmoja. Wakishuka kwenda kula, neno hilohilo kwa mmoja ni pale sahani zinapowekwa, na kwa mwingine ni pembeni pale sahani inapoangukia.

Tena kuna jambo linalofurahisha zaidi. Meza kwa Kiitaliano ni "tavola" au "tavolo", kutoka Kilatini "tabula", na "tabula" maana yake ilikuwa, kama mlivyokwisha kukisia, ubao. Warumi nao waliutia ubao miguu. Neno hilo la Kilatini likapanda kaskazini, na leo kwa Kiswidi "tavla" ni picha ya kutundika ukutani, na pia ni ubao wa darasani. Basi tazameni: wa kusini walitwaa ubao wa kaskazini wakaufanya ukingo, wa kaskazini walitwaa ubao wa kusini wakautundika ukutani, na kila mmoja akala chakula chake juu ya ubao aliokuwa nao tangu mwanzo. Walipeana neno kwa neno. Hakuna aliyepokea maana jinsi ilivyotoka kwa mwenzake.

Nasi hatuko mbali na lugha hizi kama tunavyodhani. Malindi imekaa na Waitaliano kwa miongo mingi, na pale Kibaha, Tanzania, nchi za Nordiki zilijenga kituo kikubwa cha elimu katika miaka ya 1960. "Bordo" na "bord" yamesemwa katika nchi zetu, kwenye hoteli na kwenye mikutano ya miradi, na binamu yao wa Busia anapita barabarani akipiga honi.

Je, Kiingereza kiliupataje mpaka? Kwa Kifaransa. "Bordure" ya Kifaransa ilikuwa ukingo uliopambwa wa nguo au wa ngao. Kiingereza kilipolichukua, lilianza na ukingo wa vitu, likapanda hadi ukingo wa nchi. Mama zetu wanaofunga kanga watalielewa hili kuliko maprofesa, kwa sababu kanga ina pindo na ina mji, na pindo ni sehemu ya nguo ileile. Hakuna aliyewahi kudai kwamba pindo linautenga mji na mvaaji. "Border" ya asili ilikuwa pindo la namna hiyo. Katika karne za dola na majeshi ikawa mahali pa askari, na ni katika hali hiyo ya kiaskari ndipo ilipoletwa kwetu.

Ndugu na wanaofanana tu

Kwa kuwa humu mna walimu, nitasimama kidogo kwenye somo ambalo huharibika kwa urahisi. Maneno yanayofanana si lazima yawe ndugu, na ndugu si lazima wafanane.

Ndugu wa "boda" ndani ya Kiswahili ni "bodi". Kiingereza kina "board", ambalo ni ule ubao wa kale uliobaki ubao, ukawa meza pia, ukawa kundi la watu wanaoketi kuizunguka meza hiyo kuamua mambo. Ndiyo maana tuna Bodi ya Kahawa na bodi ya wakurugenzi. Meza ikazaa pia chakula cha mezani, chakula kikazaa malazi pamoja na chakula, na mtoto anayelala shuleni akaitwa yuko bodingi. Kwa hiyo mkurugenzi aliye penye kiyoyozi kwenye mkutano wa bodi, mtoto wa bodingi anayepanga foleni ya uji, na kijana wa boda anayesubiri abiria pale Sofia, upande wa Uganda, wote wanaitwa kwa maneno ya babu mmoja. Sauti zimetofautiana kidogo, maana zimeachana kabisa, lakini undugu ni wa kweli, na kila hatua yake inafuatika.

Sasa tazameni "bodi" ya gari. Gari limegongwa, bodi imebonyea. Hii haihusiani na meza wala ubao. Ni neno la Kiingereza la mwili, "body", lililovaa sauti ileile lilipoingia Kiswahili. Tuna dola mbili pia: dola yenye jeshi na bendera, kutoka Kiarabu, na dola ya kununulia bidhaa, ambayo ukiirudisha nyuma unafika kwenye bonde la Joachimsthal huko Bohemia, palipofuliwa sarafu za fedha. Mkazi wa Goma akikuambia amekuja kwa moto, usimwite wa zimamoto. Amekuja kwa pikipiki, na neno lake ni la Kifaransa, wakati moto wa jikoni ni wa Kibantu tangu zama za zama. Wasamia wa hapa na jina la Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania vinaandikwa kwa herufi zilezile, lakini jina la Rais ni la Kiarabu, lenye maana ya aliye juu.

Nje ya kwetu mambo ni hayohayo. Mhispania akisikia "boda" atauliza bibi arusi ni nani, maana kwa Kihispania boda ni harusi, kutoka neno la Kilatini la nadhiri. Huko Uswidi kuna vijiji vinavyoitwa Boda, na jina hilo linatokana na neno la vibanda. Hata Mwitaliano ana "bordo" yake ya ukingo na "bordò" ya rangi nyekundu iliyoiva, na hiyo ya rangi imetoka kwenye mji wa Bordeaux, ambao jina lake la kale ni Burdigala na halihusiani na ukingo wowote.

Tutawezaje basi kutambua ndugu? Kwa maswali matatu. Je, mabadiliko ya sauti yanafuata kanuni inayoonekana kwenye maneno mengine pia? Je, watu wa lugha hizi mbili walikutana, wapi na katika shughuli gani? Na je, kila hatua ya maana inaweza kuunganishwa na iliyotangulia bila kuruka shimo? "Boda" ya Busia inajibu yote matatu. "Boda" ya harusi haijibu hata moja. Mwanafunzi akizoea maswali haya, hatadanganywa na kila anayemwambia kwamba neno fulani la kwao ndilo lililozaa neno la Kigiriki.

Boda yaondoka Busia

Neno liliposhika mizizi hapa, likasafiri. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli kwenye miji ya Uganda, na jina likahama kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila kuuliza. Kenya ilifuata baadaye, na bajeti ya 2008 ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo, idadi yake ikafurika hadi vijijini. Tanzania ikalipokea neno likiwa tayari limekamilika. Mtu wa Songea au Tanga anapanda bodaboda, huku pengine hajawahi kuona mpaka wowote wa nchi na wala halihitaji neno hilo kuwa na mpaka ndani yake.

Mambo matatu yalitokea njiani. La kwanza, maana ya mpaka ilififia. Mjini Kampala boda inakutoa sokoni na kukufikisha nyumbani. La pili, jina lilihama kutoka chombo hadi mtu, na Kiswahili, kwa ule uangalifu wake wa ngeli, kikaonyesha uhamaji huo waziwazi: boda zimeegeshwa chini ya mwembe, boda wamekwenda mazishini. Kila mzungumzaji hupatanisha hivyo bila kufundishwa. La tatu, cheo cha neno kilianza kugombewa. Tanzania madereva hawa sasa huitwa maafisa usafirishaji, kwa heshima na kwa utani kidogo, na Kenya vijana wana "nduthi" yao. Majina mapya huja, lakini "boda" halijaondoka.

Kwingine Afrika kazi hiihii ina majina mengine, na kila jina linabeba historia yake. Nigeria ni "okada", jina la shirika la ndege la Okada Air: watu walikitania chombo kinachokimbia katikati ya foleni kwa kukipa jina la ndege. Benin ni "zémidjan", ambalo kwa Kifon ni kusema nipeleke upesi. Yaani Mnigeria aliona mwendo, Mbenin akasikia amri ya abiria, na mtu wa Busia akataja safari: hapa hadi pale. Hakuna aliyeitazama injini.

Huku mpakani, hata hivyo, maana ya kwanza haijafa. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa wasafiri kwa sababu ya korona na pia kuzuia pikipiki kubeba abiria, watu wa hapa waliishi ndani ya neno lao kwa maana zote: boda imefungwa, na boda wamekatazwa. Malori yalijipanga Busia na Malaba kilomita nyingi, madereva wakisubiri vipimo. Miaka miwili kabla, Februari 2018, marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuwa wamezindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako msafiri anahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande anaoingilia. Ule mwendo wa lango hadi lango uliowazaa waita abiria umefupishwa na serikali zenyewe. Kazi iliyolizaa neno imepungua, na neno limekua.

Mwenye maana ni nani

Narudi kwenye hoja. Mtu anaweza kusema: asili ya "boda" ni mpaka, kwa hiyo kumwita boda dereva wa Morogoro ni kosa la maana. Tukikubali mantiki hiyo, Waswidi wote wanaokula mezani wanakosea, maana wanakula ubaoni. Waitaliano wanakosea kuita ukingo kwa jina la ubao wa watu wengine. Na Waingereza wenyewe wanakosea, kwa kuwa nchi si nguo na haina pindo. Tukirudi nyuma kutafuta maana halali tutaishia kwenye gogo lililopasuliwa, na hapo hakuna atakayeweza kuzungumza.

Lakini nasema zaidi ya hilo. Tuna neno letu safi la Kiswahili, mpaka, ambalo lina pia kazi ya kusema hadi: mpaka kesho, mpaka Tororo. Lingeweza kutumika. Kwa nini vijana wa Busia hawakuita mpaka-mpaka? Nadhani ni kwa sababu kilichokuwa mbele yao hakikuwa mpaka wa Wasamia wala wa Wateso, ambao mipaka yao ilikuwa vijito, makaburi na miti. Kilikuwa "border", kitu cha ofisi, chenye bendera na muhuri, na walikiita kwa jina la ofisi. Kisha wakalitamka mara mbili, wakalikodisha, na ofisi ikapokonywa neno lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili lilikuja na askari, likaishia kulisha familia.

Kwa hiyo nawaomba walimu mambo mawili. Msilisahihishe neno "boda" kwenye insha za watoto kana kwamba ni uchafu, bali muwafundishe kupatanisha ngeli zake, lini ni "imekuja" na lini ni "amekuja". Na muwatume watoto hao kwa wazee waliobeba abiria kwa baiskeli katika miaka ya 1960 na 1970, pande zote mbili, wakawaulize waliita vipi, kwa lugha gani, karibu na lango lipi, nauli ilikuwa kiasi gani, na wale wa Kisamia, wa Kiteso na wa Kijopadhola walilitamkaje. Neno hili lilisemwa kwa miaka mingi kabla halijaandikwa, na kumbukumbu za wasemaji wake wa kwanza ndizo hifadhi yake.

Tukizipata kumbukumbu hizo tutaweza kuwaandikia watunga kamusi maelezo kamili kuliko yale ya kusema tu kwamba limetoka Kiingereza. Mimi ningependekeza yaanze hivi: boda, nomino, 1. mpaka wa nchi, 2. baiskeli au pikipiki ya kubeba abiria, 3. dereva wake, asili: Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kutoka mwito wa waendesha baiskeli, kwa kulipindua neno la Kiingereza. Busia itajwe kabla ya Kiingereza, kwa kuwa Kiingereza kilitoa sauti na Busia ikatoa maana.